Baba Yako Ndani ya Mfuko wa Nailoni

Izia, Sumbawanga
Jumapili, jioni

Oresta mwanangu,

Barua tulizofundishwa kuandika shuleni zilianza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Nikianza hivyo nitakuwa nimedanganya mara mbili kwenye mstari mmoja. Mimi si mzima, mgongo unaniuma tangu niliposhusha lile tenga la samaki, migebuka ya Kipili. Na wewe hauko mbali, uko hapo Kasense kwa shangazi yako unaaga, na kwa jinsi ninavyomjua wifi yangu, saa hizi umekalishwa mkekani na ugali wa ulezi unaongezwa kila ukigeuza macho. Kwa hiyo muda ninao. Mwandiko usiucheke. Wewe unakwenda kusomea ualimu, mimi niliishia darasa la saba, na kalamu nimezoea kuishika nikiandika bei ya dagaa kwenye kipande cha boksi.

Sitakuandikia habari za kuficha nauli wala za kutopokea chakula cha watu kwenye treni ya kutoka Mpanda. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi kabla sijafungua mdomo. Nataka tuongee habari ya sanduku.

Siku ile ya wiki iliyopita ulikuwa unapanga nguo zako. Mimi nilikuwa uani nachambua dagaa, nikasikia sanduku la bati linafunguliwa chumbani, na ile sauti yake ya mzee aliyeamshwa bila kupenda. Ukatoka na kitu mkononi.

"Mama, mbona baba yuko ndani ya mfuko?"

"Muache humohumo."

"Nataka kwenda naye Tabora."

"Nenda naye na mfuko wake."

"Nitawaambia nini wenzangu bwenini? Kwamba baba yangu anauzwa kwa kilo?"

Ukacheka, na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba tulikuwa tunacheka. Ukashika ncha ya nailoni, ukavuta. Haikulia kama kitu kinachochanika. Ililia kama ganda la kidonda linapobanduka. Ukasimama pale, picha mkono huu, nailoni mkono ule, na uso wa baba yako haupo kwenye picha.

Nikapiga kelele. Unakumbuka nilivyosema, mtaa mzima unakumbuka: "Umemchana baba yako!" Mama Desi akachungulia juu ya ua kuona nani amechanwa.

"Mama, sijavuta kwa nguvu."

"Miaka yote nimemtunza, wewe siku moja tu!"

Hukulia. Ningependa ungelia. Uliniwekea vile vitu viwili juu ya ungo wa dagaa, taratibu, kama unamrudishia mtu chenji, ukasema, "Basi sanduku lenu mbaki nalo. Mimi siendi nalo popote." Na tangu hapo kwangu umebaki na maneno mawili, shikamoo asubuhi na naam ukiitwa. Adabu yako ni kali kuliko matusi, mwanangu. Hiyo umeirithi kwa bibi yako mzaa baba, siyo kwangu.

Oresta, hukumchana. Hiyo ndiyo sentensi niliyokaa kuiandika, na nimeizunguka kama mbuzi anayezunguka kigingi. Picha ile niliiharibu mimi, wewe ukiwa bado unanyonya kidole, na nilijua kwamba imeharibika. Mkono wowote ambao ungeifungua ungebandua sura za watu. Nilinyamaza, nikaacha mkono huo uwe wako.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana na hili nalo ni mali ya sanduku.

Sanduku hili alikuja nalo baba yangu aliporudi kutoka migodini Zambia, mama akalitumia kuwekea vitu vyake, na mwisho likawa langu. Ndani yake nilikuta barua zake mwenyewe, alizokuwa akimwandikia mama yangu, na mama alikuwa amezitunza zote, ingawa hakujua kusoma na ilibidi katekista amsomee. Nilipoolewa na Kasiani nikaja nalo. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa na sakafu ya udongo, na mimi nikalisukuma sanduku chini ya kitanda kama kila mtu anavyosukuma masanduku. Lilikuwa limeoza pembe moja. Unajua matuta yetu ya kilimo, tunavyofukia majani chini ili yaoze na kulisha mahindi ya mwaka unaofuata. Basi mimi nikafukia barua za baba yangu namna hiyohiyo, tofauti ni kwamba hapakuota kitu. Nilipokuja kufungua, mchwa walikuwa wamekula kurasa, wakaacha kingo. Nilibakiwa na "Mke wangu mpendwa" nyingi sana, na sikujua alikuwa anataka kumwambia nini.

Nikaapa sitarudia. Na wewe unajua watu wa huku tukitaka kitu kisiliwe na mdudu tunakiweka wapi. Mahindi ya mbegu hayawekwi ghalani pamoja na ya kula, yanapandishwa kwenye kichanja juu ya mafiga, moshi unayapiga mwaka mzima, na bungua hasogei. Mama yangu alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo. Samaki nao ninaowauza ndio moshi huohuo unaowafikisha sokoni. Kwa elimu yangu mimi, kitu kilichokaa moshini ni kitu kilichookoka. Kwa hiyo nikachukua karatasi zilizokuwa zimesalia, cheti cha ndoa, kadi yako ya kliniki na picha, nikazipandisha kichanjani na mahindi.

Ila sikutaka masizi yaiguse picha. Na wakati huo ndipo mifuko ya nailoni ilipoanza kufika Sumbawanga. Biashara ilikuwa imefunguliwa, malori yanaingia kutoka Tunduma na vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia tu, sabuni zenye harufu, betri, makoti ya mitumba. Na mifuko hii laini, unaona kilichomo bila kufungua! Tulikuwa tunaiosha na kuianika kambani kama nguo za ndani. Nikachukua mmoja mzuri, nikamfunga baba yako humo, nikafunga na uzi, nikajiona nimeunganisha akili ya zamani na akili mpya. Nilijisifu hadi kwa Mama Desi. Joto la mafiga, mwanangu, likailainisha nailoni taratibu ikashikana na picha kama ngozi ya pili.

Nilikuja kugundua baada ya msiba wa baba yako. Nilivuta pembe moja kidogo tu, na kiatu cha bibi yako kikaondoka na nailoni. Nikaacha hapohapo. Nikamrudisha kichanjani, na tulipohamia hapa kwenye saruji nikamtia sandukuni kama alivyo, na kila ulipouliza nikasema, "Baba yako yupo, ametulia." Kuliko kujua kwamba hayupo, niliona heri niwe na mfuko ambao ndani yake huenda yupo.

Lakini usidhani moshi ndio peke yake. Moshi haukuwa na nia mbaya. Kuna mengine niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu.

Baba yako alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mahindi, lile kubwa la upande wa barabara ya Mbeya. Huwezi kulikumbuka likiwa hai. Wakulima walikuwa wanapanga foleni, naye anaita uzito kwa sauti ya kanisani. Halafu ikaja amri kwamba yeyote anunue mahindi popote, wenye malori wakawa wanayafuata mashambani, na ghala likabaki na popo. Wakapewa barua za kupunguzwa kazi. Watu wengine waliziweka mfukoni wakaenda kunywa pombe ya kimpumu, yakaisha. Baba yako kila jioni alikuwa anaitoa ile barua anaisoma upya, mstari kwa mstari, kama kuna neno aliliruka. Uji unapoa, yeye anasoma. Wewe unamvuta suruali, yeye anasoma.

Siku moja nikaipokonya mkononi mwake nikaitia motoni chini ya chungu.

Hakunyanyua mkono, hakunyanyua hata sauti. Alisema, "Mama Oresta, hiyo ndiyo karatasi pekee iliyowahi kuandika jina langu kwa mashine."

Nikamjibu, "Iliandika jina lako ili ikufukuze."

"Hata hivyo," akasema. "Liliandikwa."

Nilimwona mjinga. Nilidhani ninamwondolea mwiba. Leo nimelipekua sanduku lote kuanzia asubuhi, tangu tulipotoka misani, na ninakwambia hakuna mahali popote panapoonyesha kwamba Kasiani aliwahi kuita uzito wa mahindi kwa sauti ya kanisani. Ghala lenyewe sasa ni stoo ya soda. Ukimwambia kijana pale mlangoni kwamba baba yako alifanya kazi humo, atakuuliza unataka kreti ngapi.

Ndiyo maana nakuomba, ukianza kuweka vya kwako, usiweke vile vinavyokupamba tu. Vya kutia aibu na vya kukasirisha navyo vina majina ya watu ndani yake. Mimi nilitaka sanduku lenye harusi na ubatizo, kama vile tuliishi Jumapili tupu.

Ilikuwepo picha ya pili, ndogo, ya kitambulisho cha kazini. Hiyo iko kwa baba yako mdogo Fulgensi, au niseme inasemekana iko. Tulipomaliza matanga na vitu vya marehemu vikagawiwa, koti kwa huyu, baiskeli kwa yule, Fulgensi akanivuta pembeni na uso wake wa huruma.

"Shemeji, nipe ile ndogo ya kaka. Naenda Mbeya, nitaisafishisha iwe kubwa, tuitie kwenye fremu."

"Utairudisha lini?"

"Shemeji nawe! Huyu si ndugu yangu? Wiki ijayo tu."

Nikampa. Nilimpa kwa mikono miwili, kwa heshima. Aliporudi nikamuuliza, akasema ipo. Pasaka nikamuuliza, ipo. Alipokuja kwenye kipaimara chako, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, nikamuuliza mbele ya watu.

"Ipo, shemeji. Ipo tu. Mjini mambo mengi."

Mwanangu, baba yako yumo kwenye fremu moja tu duniani, na fremu hiyo ni neno "ipo". Nilimchukia Fulgensi kwa miaka mingi, na sijamaliza, nikipata nafasi naendelea. Lakini ukweli ni kwamba mimi nilitoa kitu kilichokuwa kimoja. Usimpe mtu kitu ambacho hakina pacha, hata akiwa ndugu, hata akilia. Mwite akalie hapohapo kilipo.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hiki ninachoandika hakiko mahali pengine. Bibi yako amekwenda, baba yako amekwenda, mpiga picha alihamia kwao Kigoma. Nimebaki mimi tu ninayejua kilichokuwa kwenye picha ile. Nyuma yake hatukuandika neno. Tulidhani majina ya watu wanne hayawezi kupotea ndani ya nyumba moja.

Ilipigwa studio ya mjini, karibu na stendi ya zamani, siku ya Jumamosi. Kulikuwa na pazia limechorwa ndege ya abiria na mnazi, vitu ambavyo hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuviona. Kushoto, ukiitazama, amekaa bibi yako. Alikuwa amekataa kukaa katikati, akasema katikati ni mahali pa maiti. Koti la baba yako si lake, ni la mwalimu mmoja jirani, ndiyo maana mikono imempita mpaka kwenye vidole na mkono mmoja ameukunja ngumi ili isionekane. Viatu hakuwa navyo, alikuwa na kandambili. Akamwambia mpiga picha, "Fundi, kata magoti." Fundi akamjibu, "Magoti ya nani? Hapa nina magoti ya watu wanne." Bibi yako ndiye aliyecheka. Sisi wengine tulikuwa tunaogopa kucheka kwa sababu fundi alisema filamu ni ghali, mtu akitikisika analipa tena.

Wewe uko mapajani mwangu, umevaa kofia ya kusuka. Ulikuwa unalia. Wakakupa ua la plastiki ukalitafuna. Mkono unaouona begani kwangu ni wa baba yako, na nikueleze jambo ambalo picha haisemi: alikuwa ananifinya. Kidogokidogo, ili nicheke niharibu. Mimi nimekaza uso pale kama nimeshtakiwa, na watu wote waliowahi kuiona walisema, mama Oresta alikuwa mkali tangu zamani. Nilikuwa nazuia kicheko. Liandike hilo mahali, tafadhali, sitaki kufa na sifa hiyo.

Halafu kuna uso wake.

Nimeweka kalamu chini hapa, nimekwenda kugeuza maharage, nimerudi. Nimekuandikia koti, ngumi, kandambili, mkono. Nimefika usoni nimekwama. Najua alikuwa na mwanya, kwa sababu nilikuwa nawaambia watu kwamba mume wangu ana mwanya. Neno ninalo, mwanya wenyewe siuoni. Najua alikuwa mweusi kuliko mimi, na kwamba sikio moja lilikaa mbele kidogo. Nikizikusanya habari hizi zote pamoja hazitengenezi mtu. Zinatengeneza tangazo la aliyepotea.

Unaona sasa kwa nini nilipiga kelele siku ile. Sikuwa nalilia ulichokifanya wewe. Kwa miaka hii yote nilijiambia kwamba hata nikisahau, yupo kwenye mfuko, ananitunzia uso wake mwenyewe. Ulipovuta nikaona vyote viwili vimekwisha kwa pamoja, wa kwenye picha na wa kichwani mwangu, na aliyekuwa amesimama mbele yangu ni wewe. Ningekuwa na Fulgensi pale, ningempigia yeye.

Nimetazama kilichobaki. Bibi yako ana shingo na mtandio, uso hana. Wewe umebaki mdomo, umeufungua wote, juu ya mdomo hakuna kitu, na kwa wanaokujua hiyo inatosha kukutambua. Baba yako ni koti la watu. Aliyebaki mzima ni mimi. Nimekaa katikati yenu na macho yangu makavu, kama mtu aliyewafukuza wenzake ili apigwe peke yake.

Nilikuwa nimepanga, kabla ya ugomvi wetu, kwamba tupite studio tupigwe sisi wawili. Nilikuwa nimeshatoa kile kitenge cha zambarau. Halafu kila siku nikasema akinisalimu vizuri nitamwambia, nawe ukanisalimu vibaya kwa adabu, na mimi nikavimba, na leo Jumapili studio imefungwa. Na hata ingefunguliwa, siku hizi wanapeleka filamu Mbeya, inarudi ukiwa umeshamaliza kusahau ulivaa nini. Kwa hiyo sanduku halitakuwa na picha ya wewe unapoondoka. Litakuwa na barua hii inayosema haipo, na sababu yake kiburi cha wanawake wawili. Unacheka? Cheka. Ningefurahi.

Ukifika huko, Oresta, jipigishe picha mapema, kabla hujanenepa kwa wali wa chuoni. Andika nyuma kwa penseli, wino unapenya mbele, majina yote, hata ya wale usiowapenda, hata ya aliyepita nyuma bila kualikwa. Andika na kilichokuwa kinachekesha. Sura peke yake ni bubu, nimeshakueleza habari ya kufinywa. Funga kwa kitambaa cha pamba, hii nailoni waachie wauza dagaa. Nimeligongea sanduku bati jipya kwenye pembe iliyooza. Liinue juu ya matofali. Na usiwe kama mimi, ukatunza kitu kwa kukificha kila mtu asikione. Kitoe, kitazame, waonyeshe wenzako, na siku kikianza kuharibika utakuwa umeona mapema, wakati bado kuna mtu wa kumuuliza.

Ndani nimeweka zile "Mke wangu mpendwa" za babu yako, cheti cha ndoa kinachonuka kama sato wa kubanikwa, kadi yako ya kliniki, na picha ilivyo. Na nailoni nimeiweka. Usiitupe, na wala usiioshe. Nimeikunja ndani ya kipande cha khanga kwa sababu vile vilivyobanduka vimeshikwa humo. Jana niliiinua dirishani, jua likapita. Niliona kitu cha kahawia, kina mviringo. Inaweza kuwa sikio. Inaweza kuwa mafuta ya mahindi. Palikuwa na mstari mweupe mahali ambapo mdomo ungekuwa, na nilitaka sana uwe mwanya, nikautaka mpaka nikaacha kuamini macho yangu.

Macho yako ni mapya, na humkumbuki, kwa hiyo huna cha kutamani. Inua kwenye mwanga wa Tabora, ambao wanasema ni mkali kuliko wa kwetu, utazame vizuri, kisha uandike unachokiona. Usiniandikie unachodhani nataka kusikia, hapana. Ukiona mtu, niambie yukoje. Ukiona hakuna kitu, andika hakuna kitu, uweke nakala ndani ya sanduku ili atakayekuja baada yetu asipoteze macho yake.

Nasikia sauti yako kule barabarani unaagana na mtu, na yeye anakwambia "poa mshikaji". Nitakunja barua hii niitie kwenye mfuko wa koti lako utakaposhika mlango. Utaisoma alfajiri kabla ya lori la Mpanda, nakujua, wewe huwezi kuona karatasi iliyokunjwa ukaiacha.

Sanduku nimeliweka mlangoni, katikati kabisa. Hutaweza kutoka bila kuliruka au kulibeba. Sitakuuliza, na sitakuja kuangalia. Nitakuwa jikoni nakuchemshia uji, nimeupa mlango mgongo. Lile sanduku lina sauti yake likinyanyuliwa. Na kama sitaisikia, nitajua hivyo pia.

Mama yako